Allison na damu isiyofuata mipaka ya lugha

Katika lugha zetu neno damu limebebeshwa mzigo mkubwa kuliko ule wa kimiminika chekundu kipitacho mishipani. Waswahili husema fulani na fulani ni damu moja, wakikusudia undugu. Husema damu nzito kuliko maji. Na mtu akirudia tabia ya babu yake huambiwa kwamba jambo hilo limo damuni mwake. Kwa mwanaisimu, ambaye kazi yake ni kuchungua jinsi maneno yanavyoficha na kufichua fikira za wasemaji, hakuna ajabu katika hayo. Tatizo huanza pale sitiari inapogeuzwa kuwa elimu ya tiba. Hapa Kisumu na katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Viktoria, nimewasikia watu waliosoma, walimu miongoni mwao, wakiutaja ugonjwa wa selimundu kuwa ni ugonjwa wa kabila. Huyu atasema ni wa Waluo, yule atasema ni wa Waluhya, na wapo wanaomnong'oneza kijana anayetaka kuoa kwamba asithubutu kuingia katika kabila fulani kwa kuwa damu yao ni mbovu. Mama aliyezaa watoto wawili wagonjwa hutupiwa lawama peke yake, kana kwamba baba hakuchangia kitu.

Ndiyo sababu nimeona heri niwasimulie wasomaji, hususan walimu wenzangu na wanafunzi wao, maisha ya daktari mmoja aliyeizunguka nchi hii akikusanya matone ya damu, akaishia kuchora ramani ambayo makabila yetu hayakuweza kuieleza.

Anthony Clifford Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 mjini East London, Afrika Kusini, lakini utoto wake ulikuwa wa Kenya. Baba yake alikuwa mlowezi katika Gilgil ya juu, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, katika zile nyanda ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa imewatengea Wazungu. Zao la shamba hilo lilikuwa pareto, lile ua jeupe linalokaushwa na kusagwa likawa dawa ya kuulia wadudu. Sipendi kuyatia maisha ya watu ishara ambazo wenyewe hawakuzikusudia, ila ni vigumu kupita kimya: mtu ambaye jina lake lingekuja kufungamana na malaria alilelewa katikati ya dawa ya mbu. Tena alilelewa mahali pa juu penye baridi, ambapo mbu wa malaria hastawi kama anavyostawi hapa kwetu ziwani.

Akiwa kijana alifahamiana na Louis Leakey, mchimbuaji mashuhuri wa mifupa na zana za watu wa kale, na kutoka kwake akapata shauku ya kuuliza maswali juu ya asili ya binadamu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kuendelea na sayansi na kusomea udaktari.

Mwaka 1949 wanachuo wa Oxford walifanya msafara wa kitaaluma kuja Mlima Kenya, na Allison akajiunga nao. Yeye alikuwa na hamu ya damu za watu kuliko mambo ya mlimani. Nia yake ya awali ilikuwa ile iliyowashughulisha wataalamu wengi wa enzi hizo: kulinganisha makundi ya damu ya makabila mbalimbali ili kubaini nani ana uhusiano na nani. Wasomaji waitie alama nia hiyo. Alikuja akiamini kwamba damu ingemwonyesha makabila. Pamoja na makundi ya damu, alipima pia kama chembe nyekundu za mtu hugeuka umbo zinaponyimwa oksijeni. Chembe za kawaida ni mviringo. Za watu wengine, hewa hiyo ikipungua, hujipinda zikafanana na ule mundu wa kuvunia mpunga, na hapo ndipo lilipotoka jina selimundu.

Matokeo yakamshangaza. Katika watu wa pwani, na katika watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa na chembe zenye tabia hiyo. Katika watu wa nyanda za juu na wa nchi kame hakupatikana hata mmoja kati ya 100.

Hapa niruhusiwe kuingilia kama mwanaisimu, kwani jambo hili ndilo lililonivuta. Ukiichukua ramani ya lugha za Kenya ukailaza juu ya ramani hiyo ya Allison, hazilingani hata kidogo. Waluo husema lugha ya Kiniloti, na lugha hiyo ina ujamaa, ingawa wa mbali, na ile ya Wamaasai. Lakini kwa kipimo cha mundu Waluo wako mbali na Wamaasai, nao wako karibu na jirani zao Waluhya, ambao lugha yao ni ya Kibantu. Waluhya nao, kwa kipimo hicho hicho, wako mbali na Wagikuyu, Wabantu wenzao wa nyanda za juu, na wako karibu na watu wa pwani walio mamia ya kilomita kutoka Kisumu. Kama damu ingekuwa inafuata lugha, mambo yangekuwa kinyume kabisa.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kupata ushahidi kwamba lugha na damu ni vitu viwili. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walikuwa wasemaji wa Olusuba, lugha ya Kibantu. Kwa muda wa vizazi vichache wengi wao wamehamia Dholuo, hadi mtoto wa Rusinga wa leo huenda asijue hata salamu za lugha ya mababu zake. Lugha imebadilika na damu imebaki ilivyokuwa. Mtu anaweza kuibadili lugha yake akiwa sokoni, shuleni au kwa mkwe. Jeni zake hawezi kuzibadili.

Allison hakuwa wa kwanza kuona kwamba kiasi cha selimundu hutofautiana kati ya jamii na jamii. Mwaka huo huo wa 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walichapisha matokeo yao kutoka Uganda, ambako kwa Wabaamba wa magharibi walikuta kiwango kinachokaribia 45 katika kila 100. Wataalamu hao walitafuta maana ya tofauti hizo katika asili na michanganyiko ya makabila. Ni njia ambayo ilikuwa wazi mbele ya kila mtu, na sisi wa taaluma ya lugha hatuna haki ya kuwacheka, kwani mambo mengi yaliyosemwa juu ya Wabantu na Waniloti kana kwamba ni mbari mbili yalitokana na vitabu vya isimu. Istilahi tulizozibuni kwa ajili ya vitenzi na viambishi zilichukuliwa na wengine wakazibandika kwenye nyuso za watu.

Allison aliitazama ramani yake akaona kitu kingine. Mahali penye selimundu nyingi palikuwa ni mahali penye malaria kali mwaka mzima. Asimamaye Ahero, katika uwanda wa Kano, ataelewa haraka. Kumzunguka kuna maji yaliyotuama, mashamba ya mpunga na joto. Ziwa lenyewe liko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya bahari. Akiinua macho anaona ukuta wa milima ya Nandi, na huko juu hewa ni baridi kiasi kwamba vimelea vya malaria hukawia kukomaa tumboni mwa mbu. Ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu kati ya ulimwengu mmoja na mwingine.

Lakini kwa nini malaria ilinde jeni inayoua? Fumbo hilo lastahili hesabu kidogo, na mwalimu wa hisabati anaweza kulipeleka ubaoni bila shida. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza hemoglobini, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala mbili za kawaida hana mundu. Mwenye moja ya kawaida na moja ya mundu ni mzima, ila akipimwa huonekana. Mwenye mbili za mundu ndiye mgonjwa. Tuseme katika jamii fulani nakala 10 katika kila 100 ni za mundu. Watu wakioana pasipo kuchagua kwa ajili ya jeni hiyo, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, 81 watakuwa na nakala mbili za kawaida, 18 watakuwa na moja ya mundu, na mmoja atakuwa mgonjwa. Zamani, kabla ya tiba, mtoto huyo mmoja aghalabu alifariki kabla ya kuzaa, akaondoka na nakala zake mbili. Kizazi baada ya kizazi, jeni hiyo ingepaswa kupungua hadi iwe nadra. Iweje basi, kando ya ziwa hili, iwe imo katika mtu mmoja kati ya watano?

Jibu la Allison lilikuwa kwamba wale 18 wana faida ambayo wale 81 hawana. Mahali ambapo malaria huua watoto wachanga, mtoto mwenye nakala moja ya mundu hustahimili kuliko mwenzake, hukua, huoa au huolewa, naye huirithisha jeni hiyo. Malaria hupunguza upande mmoja, selimundu hupunguza upande wa pili, na mizani husimama katikati. Nyanda za juu, pasipo malaria, hakuna faida. Ipo hasara tu, na jeni hubaki nadra. Mwingereza J. B. S. Haldane naye, mwaka huo huo wa 1949, alikuwa amependekeza wazo la namna hiyo juu ya ugonjwa mwingine wa damu wa watu wa Bahari ya Kati. Lakini Haldane alikuwa na wazo tu. Allison alikuwa na ramani, na baadaye akatafuta ushahidi.

Baadaye hiyo ilichukua miaka 4. Alikuwa bado mwanafunzi, akalazimika kurudi Oxford kumaliza masomo ya udaktari. Aliporejea Afrika Mashariki mwaka 1953 alipima watoto 290 wa Kiganda wa umri wa miezi 5 hadi miaka 5. Kati ya 43 waliokuwa na mundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani 28 katika 100. Kati ya 247 wasio na mundu, 113 walikutwa navyo, yaani 46 katika 100. Alipanua pia ramani yake, akapima karibu watu 5,000 wa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kisha likaja jaribio la Nairobi, na hapa sitapita haraka, kwa sababu wahusika walikuwa watu wa kwetu. Allison alichukua wanaume 30, wote Waluo watu wazima, waliokuwa wamekaa mbali na maeneo ya malaria kwa muda usiopungua miezi 18. Kumi na watano walikuwa na mundu, 15 hawakuwa nao. Wote 30 waliambukizwa malaria kwa makusudi, ile aina kali iuayo. Kati ya wale wasio na mundu 14 walishikwa na ugonjwa. Kati ya wenye mundu ni 2 tu. Waliougua walitibiwa.

Kwa upande wa hoja, jaribio hilo lilikuwa safi kupita kiasi. Wote 30 walikuwa wa kabila moja na lugha moja, kwa hiyo tofauti iliyoonekana haingeweza kusingiziwa kabila. Damu za Waluo 15 zilitenda tofauti na damu za Waluo 15. Sijui hoja yoyote ya kitabuni inayompa jibu zuri zaidi yule asemaye juu ya damu ya Waluo kana kwamba ni kitu kimoja.

Kwa upande wa ubinadamu, mambo si mepesi hivyo. Ripoti huwaita watu hao kuwa walijitolea. Lakini tukumbuke mwaka wenyewe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa mwezi Oktoba 1952, Nairobi ilikuwa mji wa misako na vipande, na Mwafrika aliyeombwa jambo na daktari Mzungu hakuwa na uhuru mkubwa wa kukataa. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zinazodai ridhaa ya hiari ya anayefanyiwa jaribio, zilikuwa zimekwisha andikwa. Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia lilikuja mwaka 1964. Kamati ya maadili ya leo isingeruhusu jaribio la namna ile kupita bila maswali mengi. Wanasayansi wa kizazi chake hawakuona ajabu, na wala si Allison peke yake aliyefanya hivyo. Hata hivyo naona si haki kwamba vitabu vya biolojia hutaja jina la daktari na kuwaacha wale 30 wabaki idadi tu. Walimu wafundishao somo hili wangeweza walau kutamka kwamba walikuwapo.

Mwaka 1954 Allison alichapisha makala matatu mfululizo juu ya mambo hayo. Hayakupokewa kwa vigelegele. Watafiti wengine, wakiwamo wa Marekani waliorudia jaribio la kuambukiza watu wazima, hawakupata tofauti kubwa kama yake, na Raper wa Uganda alisisitiza kwamba faida ya mundu itafutwe kwa watoto wadogo, ambao miili yao haijapata kinga yake yenyewe. Ukosoaji huo ulikuwa wa maana. Pia kulikuwa na waliosita tu kwa sababu walikuwa wamezoea kufikiri kwamba uteuzi wa kimaumbile, ule alioueleza Darwin, ni habari ya visukuku na ndege wa visiwani, si jambo linaloweza kuonyeshwa kwa binadamu walio hai, kwa kidole kilichochomwa sindano. Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yanafumbuka. Linus Pauling na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ni tofauti na ya kawaida, na Vernon Ingram, kati ya 1956 na 1957, akabainisha kwamba tofauti yote ni ya kiungo kimoja kidogo mno katika mnyororo mrefu wa protini. Kiungo hicho kimoja ndicho kilichopewa jina la kabila na wanong'onaji wetu. Nacho hakipatikani kwetu tu: kimo katika watu wa Ugiriki, Uarabuni na India, kila mahali ambapo malaria iliwahi kutawala.

Maisha yake yaliyosalia nitayapitia kwa ufupi. Alifanya kazi kwa muda na Pauling huko California, kisha kwa miaka mingi katika taasisi za utafiti wa tiba za London. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Nairobi kuongoza maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo. Kutoka hapo alihamia Marekani, ambako yeye na mkewe, mwanasayansi Elsie Eugui, walifanikisha dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Iliidhinishwa huko mwaka 1995, na wagonjwa wa figo wa nchi nyingi wanaimeza hadi leo. Wengi kati yao hawajui kwamba mvumbuzi wake alianzia Gilgil.

Ushahidi ambao Raper alikuwa ameutaka, yaani wa watoto wadogo, ulipatikana hatimaye pembezoni mwa ziwa letu hili. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Kenya na Marekani waliwafuatilia watoto zaidi ya 1,000 wa Asembo, katika eneo la Siaya, tangu kuzaliwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Watoto wenye nakala moja ya mundu walikuwa na upungufu mdogo wa damu utokanao na malaria, na walifariki kwa uchache kuliko wenzao. Na tofauti hiyo ilikuwa kubwa hasa kati ya umri wa miezi 2 na miezi 16, yaani baada ya kinga ya mama kwisha na kabla mtoto hajajijengea yake. Ndiyo miezi ambayo mama zetu wa ziwani wamekuwa wakiihesabu kwa hofu tangu jadi, bila darubini.

Allison, aliyekuwa na umri wa miaka 77 mwaka huo, alikuwa bado anaandika, na ni mwaka huo huo alipotoa simulizi yake mwenyewe ya jinsi alivyofikia ugunduzi ule. Alifariki California tarehe 20 Februari 2014, akiwa na umri wa miaka 88. Kama mmoja wa wale Waluo 30 wa Nairobi alikuwa bado hai siku hiyo, alikuwa mzee wa karibu miaka 80 au zaidi. Na kama alikuwa katika wale 15 wenye mundu, nusu ya watoto wake, kwa makadirio ya kawaida ya urithi, huenda wanayo jeni ile ile, nao ni wazima.